Mtoto wa Kibweha Niliyemwosha

Mbweha hageuki kwa mwezi wala kwa uchawi. Naanza na hilo kwa sababu wajukuu zangu wameambiwa mengine, na mimi sipendi uongo kuhusu watu niliokaa nao nyumba moja. Mbweha hugeuka kwa usingizi. Akiwa macho ni mtu kama mimi na wewe, ana haya zake na hasira zake. Akizama usingizini, mwili unashika umbo la pili: mnyama mwekundu, mdogo kuliko mbwa, masikio mapana, mkia mnene anaojifunika nao pua. Akiamka, ameshakuwa mtu kabla hujamaliza kumpa sabalkheri. Ndiyo sababu Wabweha hawalali kitandani, na ndiyo sababu nguo zao hazina vifungo. Wanawake wao hufunga leso kwa fundo moja jepesi, ukiliona utadhani litafunguka njiani. Halifunguki. Wanajua wanachofanya.

Hawatoki jasho. Kaskazi ikikaza huketi kivulini wakaachama, wakapumua haraka haraka, na asiyewajua hudhani anachekwa. Machozi pia hawana. Mbweha akipatwa na huzuni hupiga miayo, mmoja juu ya mwingine, mpaka taya zinalia. Hilo sikulijua wakati ule, na kutolijua kulinifanya niseme neno ambalo hadi leo likinijia nikiwa peke yangu naona haya.

Ilikuwa miaka ya vita, ile ya arubaini, sukari ikitolewa kwa kibali na watu wakila mahindi ya manjano yaliyoletwa kwa meli, yakanuka gunia hata yakiwa yameiva. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu. Mume wangu alikuwa mtu wa melini, siku zake za nyumbani chache, kwa hiyo niliishi na mavyaa wangu, mama yake mume wangu, katika nyumba yao ya ghorofa Mji wa Kale. Sisi tulikaa juu. Chini, kwenye chumba kinachoelekea uani, mavyaa alikuwa amewapangisha mume na mke wa Kibweha.

Yule bwana alifanya kazi katika ghala la nafaka Kilindini. Kazi yake ilikuwa panya. Alikuwa akisikia panya akitafuna nyuma ya magunia yaliyopangwa mpaka darini, akaonyesha kwa kidole gunia lenyewe, na wachukuzi wakilitoa wanamkuta. Alikuwa akirudi asubuhi macho mekundu. Mkewe aliajiriwa na Muhindi mmoja muuza uturi. Mtu akileta udi akaapa kuwa ni wa asili, yule bibi huupitisha chini ya pua mara moja, akasema, "Huu umelowekwa mafuta," na biashara ikafa pale pale. Wafanyabiashara walimwogopa kuliko walivyomwogopa afisa wa forodha.

Saa sita mchana yule bibi alikuwa akirudi. Hakuwa akiingia chumbani moja kwa moja. Alisimama uani, akasugua mikono kwa jivu hadi viwikoni, akavua leso ya kazini akaitundika nje, akajifunga nyingine, ndipo akaingia. Mimi nikitazama kutoka juu dirishani nikisema moyoni, hebu mwone na madaha yake. Mtu anashinda kwenye ambari na waridi, anakuja kujipaka jivu!

Salamu yao ilikuwa ya ajabu kidogo. Hushika kifundo cha mkono wako, akakileta karibu na pua, akakurudishia mkono wako taratibu kama mtu arudishaye kikombe. Nyumbani hawaitani majina. Majina wanayachukua kwa ajili yetu sisi, ili tupate la kuwaitia. Wao kwa wao jina ni harufu.

Mavyaa wangu hakuwapenda. Sitalificha hilo eti kwa sababu amekufa. Aliwapangisha kwa kuwa walikaa kwa adabu na nyumba haikuwa na panya hata mmoja, lakini kikombe chao kilikuwa mbali.

"Chao ni kile chenye ufa," aliniambia. "Usikichanganye."

"Lakini mama, yule bibi msafi kutushinda."

"Nimekuuliza?"

"Hapana, mama."

"Basi osha vyombo."

Alikwenda hata kumuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, je, ulimi wa Mbweha si sawa na ulimi wa mbwa? Mwalimu alikuwa mtu mzima mwenye maneno machache. Akamjibu kuwa yeye hajaona kwenye kitabu chake mbwa anayeitikia salamu. Mavyaa akarudi amenuna siku mbili, na kikombe kikabaki pale pale.

Mimi nilijiona mwema kuliko mavyaa. Nilikuwa nikishuka kuzungumza na yule bibi, tukachambua mchele pamoja, tukacheka. Lakini kinyaa nilikuwa nacho. Nilikificha tu. Akinirudishia mkono wangu baada ya salamu, nilipanda juu nikaunawa kwa sabuni. Ninasema hivi ili nieleweke katika yatakayofuata. Nililolifanya sikulifanya kwa wema mtupu.

Alikuwa na mimba. Mimba ya Kibweha haionekani sana, maana mtoto anayebebwa ni mdogo. Wanawake wao hawaiti mkunga. Hujifungua peke yao, mlango umefungwa, kimya. Sisi tuko juu tunapika, hatukusikia hata kikohozi. Alasiri akapanda ngazi, uso umechoka, akasimama mlangoni.

"Nimejifungua," akasema.

Mavyaa akaangusha upawa. "Lini?"

"Mchana. Njooni mumwone mkitaka."

Tukashuka. Mtoto alikuwa amelala juu ya kitambaa cheusi kwenye mkeka. Mtoto wa Kibweha huzaliwa katika umbo la mnyama: mkubwa kama ngumi, manyoya meusi yenye unyevu, masikio yamelala, macho yamefumba. Mama yake akatuelezea, mimi nikiuliza na mavyaa akijifanya hasikilizi. Mama humlamba mtoto mchana na usiku. Joto la ulimi ndilo linaloifundisha ngozi njia ya kugeuka. Siku ya kumi au kumi na mbili, mtoto hugeuka mara ya kwanza, akawa mtu, ndipo macho yakafunguka siku ya kumi na nne akiwa mtu. Lazima iwe hivyo, kwa mpango huo.

"Na macho yakitangulia?" nikauliza.

"Yakitangulia hageuki tena." Akamvuta mtoto karibu. "Atakula, atakua, atakimbia. Lakini mtu hatakuwa. Na huku mjini mnajua wanavyofanywa wanyama wasio na mwenyewe."

Alisema polepole, bila kutishia. Nikasikia, nikaelewa. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Siku ya tatu, mama wa Kibweha hupeleka mwenyewe kondo yake ya nyuma akaifukie penye udongo usiokanyagwa na mbwa, na huenda peke yake, kwa miguu, bila mtoto. Yeye alichagua vichaka vya upande wa mnara wa taa. Mumewe meli za mahindi zilikuwa zimemshika, hakupata ruhusa. Baada ya adhuhuri akaniletea mtoto.

"Akilia mfunike na kitambaa hiki," akaniambia. "Hiki alikilalia baba yangu, nikakilalia mimi. Atanyamaza. Nitarudi kabla ya magharibi."

Basi, hayo tu. Hakuniambia nisimwoshe. Utamwambiaje mtu mzima asimtie mtoto motoni? Kwao ni hivyo hivyo. Hakupita hata akilini mwake kwamba mtu anaweza.

Nikabaki na kile kitoto mapajani. Mavyaa alikuwa amekwenda matangani, nyumba kimya. Nikakitazama. Manyoya yameshikana kwa mate ya mama yake, kikitoa harufu kali kama ya tambara lililosahaulika. Na kile kitambaa, wallahi, kilikuwa kigumu kwa uchafu, kisimamishe kinasimama. Nikajiambia, maskini, mama mzazi hajapata msaada, hana mama wala dada hapa. Kwetu mzazi huoshewa mtoto, mtoto akafukizwa, akapakwa mafuta, akalala ananukia. Nani amemfanyia huyu? Nami nikatia maji motoni.

Nikamwosha kwa sabuni ya mche, mara tatu, mpaka maji yakawa meupe. Nikamkausha. Nikawasha chetezo, nikatia udi wangu wa harusi uliobaki, nikampitisha juu ya moshi akipiga chafya ndogo ndogo, nikacheka. Kisha nikakichukua kitambaa nikakifua, nikakipiga juu ya jiwe, nikakisuza, nikakianika juani. Rangi yake ya kweli ilikuwa buluu. Nilifurahi kuigundua.

Alirudi kama alivyoahidi. Nilimsikia akinawa uani, kisha ngazi. Nikakaa sawa, mtoto nimemviringa katika leso yangu mpya, nikingoja kushukuriwa.

Alisimama mlangoni. Pua ikacheza. Akatazama mapajani mwangu, akatazama kona za chumba.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Si huyu hapa!" Nikamfunulia. "Mtazame alivyopendeza."

Akaja, akapiga magoti, akainama juu yake. Akainuka. Akainama tena. Kisha akapiga mwayo, mrefu, akapiga mwingine.

Nami nikamwambia, "Umechoka, shoga. Nenda kalale kidogo, mimi nitakaa naye."

Hilo ndilo neno lenyewe.

"Umemfanya nini?" akauliza.

"Nimemwosha. Na kitambaa nimekifua, kilikuwa—"

"Na kitambaa."

"Ndiyo."

Akamchukua, akampeleka kifuani. Mtoto akashika titi, akavuta, akavuta, akalia. Maziwa hayakutoka. Akajaribu kumlamba, ulimi ukamgusa mara moja, akageuza uso akatapika. Akanitazama, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeomba maji.

"Macho yangu yananiambia ni yeye. Nakujua, najua hukumbadilisha. Lakini mwili wangu haumjui. Maziwa hayasikilizi macho, yanasikiliza pua. Huyu ni mtoto wa sabuni."

Mavyaa alirudi tukiwa hivyo, mimi nimesimama, yeye yu chini akipiga miayo, kitoto kinalia katikati. Akauliza kuna nini. Nikamweleza, nikidhani yeye atanitetea, yeye wa kikombe chenye ufa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemwosha mtoto wa mtu," akasema, "bila kumuuliza mamake?"

"Alikuwa mchafu, mama."

"Alikuwa wako?" Akavua buibui akalitupa kitandani. "Mimi nimezaa tisa nikazika watano. Mtoto hata akinuka uvundo ni wa mamake. Kefule! Kaa chini, usinisimamie hapo kama mlingoti."

Tukamlisha mtoto maji ya sukari kwa pamba. Baba mtu aliporudi alfajiri akaambiwa. Hakunitukana. Alikwenda akakinusa kile kitambaa cha buluu pale kilipoanikwa, akakinusa mwanzo hadi mwisho, kama mtu atafutaye sarafu iliyoanguka mchangani. Akakiacha. Kisha akatoka kwenda Tononoka kumwita mkubwa wao.

Mkubwa wao alikuwa bibi mkongwe, sikio moja limechanika, na mdomo wake haukuwa na breki. Alikuja na chupa ya maziwa ya mbuzi. Akanishika mkono, akanusa, akaurudisha upesi.

"Wewe ndiye msafi?"

"Shikamoo, bibi. Ndiye mimi."

"Marahaba. Siku ya ngapi leo?"

"Ya nne," akasema mama mtu.

"Tuna siku kumi basi. Sikiliza, msafi. Harufu uliyoifuta hairudi. Kitambaa kimekufa, na mtoto hana yake. Sasa atavaa yako."

"Yangu?"

"Kwani yako imepotea? Utamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Sabuni usiguse. Udi, mafuta, asumini, usiguse. Maji ya udhu tumia, uso, mikono na miguu, lakini yakikumwagikia kifuani au kwapani utamuua. Utalala mkeka mmoja na mama yake, utakula naye sahani moja. Yeye mwili wake ukizoea kukujua wewe, huenda ukamkubali aliye na harufu yako."

"Huenda?" akauliza mavyaa.

"Bibi, mimi sikumwosha mtoto," yule mkongwe akamjibu. "Usiniulize mimi huenda."

Nikashuka chini siku ile ile na mkeka wangu.

Watu wa bara na wa pwani wote hujisifu usafi, lakini mwanamke wa Mji wa Kale anajisifu zaidi. Nilikuwa mtu wa kuoga mara mbili na kuvaa kikuba cha maua nywele zikinukia mtaa mzima. Siku ya tatu ya kukaa bila kuoga, katika joto lile, nikaanza kujisikia mwenyewe. Siku ya tano nikawa naona haya kuinua mkono. Maziwa ya mbuzi yalimwagikia kifuani, mtoto akakojoa, mimi nikijifuta kwa leso kavu tu. Kwenye mfereji wa maji wanawake wakanipisha, si kwa heshima.

"Shoga, leo umejitia uturi gani?"

"Wa ng'ambo," nikajibu.

"Basi meli yake ilizama!"

"Ikazama na samaki ndani," mwingine akadakia, wakacheka mpaka ndoo zikamwagika.

Mavyaa alikuwa akiniletea chakula kwenye sinia, akiliweka kizingitini, ncha ya leso puani. "Kula, maiti," ananiambia. Lakini nyama kidogo iliyopatikana wakati ule aliitia yote kwenye sinia letu, nami nilikuwa najua juu amebaki na mchuzi. Siku ya pili ya mimi kukaa chini nikaona ametuletea kahawa katika vikombe vyake vya maua. Nikanywa nikijifanya sikuona. Angejua nimeona angevirudisha.

Mchana, Wabweha hulala. Mjini kote jua likiwa kali watu hujinyoosha, lakini wao usingizi wa mchana ndio usingizi wao mkubwa. Hapo ndipo nilipomwona mama mtu akigeuka, mimi nimelala ubavu, yeye kando yangu. Sikuogopa kama nilivyodhani. Kwanza pumzi hubadilika, inakuwa fupi. Mikono inajikunja kifuani. Halafu ni kama kivuli cha wingu kikipita juu ya ua. Unatazama, hujui kilipita saa ngapi, na pale leso iliposhuka kuna mnyama amejiviringa, mkia puani. Fundo la leso liko vile vile. Niliukaribia mgongo wake siku moja nikaugusa. Ulikuwa na joto la mkate uliotoka jikoni.

Lakini hakuja karibu na mtoto. Akiwa macho alinitazama bila chuki, tukila akinisukumia tonge nzuri, tukizungumza kidogo. Mtoto akilia aliinuka akatoka uani. Nilimuuliza siku moja, "Unanichukia?"

Akafikiri. "Ningekuchukia ningepumzika," akasema.

Mtoto akakonda. Siku ya tisa ya umri wake mbavu zilihesabika. Siku ya kumi, manyoya bado yapo. Siku ya kumi na mbili, baba mtu alipotoka kazini aliketi kizingitini akiwa hata kofia hajavua, akamtazama mwanawe kifuani mwangu, akapiga miayo mpaka akashika taya kwa mikono miwili. Safari hii nilijua. Nikageuza uso wangu ukutani, nikalia mimi, maana mimi ninayo machozi.

Siku ya kumi na tatu, adhuhuri, nikimfuta uso, niliona jicho la kushoto limechanika ukope, na ndani, wembamba kama uzi, kitu cha manjano kinang'aa. Nikaweka kidole juu yake. Nilikibana kile kijicho kwa kidole, polepole, kama mtu anayeziba tundu la mtumbwi, nami nikimwambia, usitazame, mama, usitazame bado, hakuna cha kuona. Mama yake alikuwa amelala, amegeuka. Sikumwamsha. Ningemwambia nini?

Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Nilikuwa nimeloa jasho chepechepe, jasho la woga, ambalo halinuki kama la joto. Hata mimi niliisikia tofauti. Yule mnyama akainua kichwa. Hakuamka. Macho yalikuwa yamefumba, pua inacheza. Akajikokota juu ya mkeka, akaanza kunilamba mimi. Shingoni kwanza. Kwapani. Ulimi mkali kama msasa mwororo. Nikakaza meno nisisogee. Akashuka kifuani, akanilamba, akanilamba, akafika penye mtoto na hakusita; akamlamba naye kana kwamba ni kipande changu, akarudi kwangu, akarudi kwake. Nikaondoa mkono wangu mmoja, nikabakisha kidole jichoni. Mtoto akasogea, akatafuta, akashika titi la mama yake, na nikasikia sauti ambayo haina nyingine kama hiyo duniani: anameza.

Alinyonya huku akilambwa. Karibu na alasiri manyoya yakaanza kutoka, si kwa kuanguka, yalikuwa yanakwisha tu, kama umande. Kilio chake ndicho kilichobadilika mwisho. Kilianza kuwa kile cha kitoto cha mnyama, kikakatika katikati, kikatoka kile ambacho kila mwanamke anakijua hata akiwa usingizini. Mama yake akaamka, mtu, nywele zimetimka, akajikuta na mtoto wa kike mwekundu kifuani. Akatazama. Akanusa utosi.

"Ananuka kama wewe," akasema.

"Samahani."

"Nyamaza, ananyonya."

Niliondoa kidole. Jicho la kulia lilikuwa limefumba, jicho la mtu. La kushoto likafunguka likanitazama: la manjano, mboni imesimama wima. Lilikuwa limekwisha kutangulia, na halikurudi. Hadi alipokuwa msichana mzima akisuka nywele uani, jicho lile lilibaki vile.

Siku ile sikufikiria jicho. Nilimwachia mtoto, nikainuka, nikachukua ndoo. Akanishika upindo wa leso.

"Unakwenda wapi?"

"Kuoga!"

"Ukioga leo, mimi kesho nitamjua kwa kitu gani?"

Nikaiweka ndoo chini. Mavyaa, aliyekuwa amesimama mlangoni na hakuna aliyemsikia akishuka, akasema, "Arobaini, mwanangu. Mzazi ni arobaini," akaenda kuandaa uji wa pilipili manga, akaja na bakuli mbili.

Ndani ya arobaini hiyo ikaingia Idi kubwa. Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya wageni. Nilimwomba mavyaa nibaki chini mlango umefungwa, akakataa. Akasema nyumba yake haifichi watu siku ya Idi. Akaniketisha ukumbini, mimi na nywele zangu zilizoshikana, yule bibi wa Kibweha ubavuni kwangu na mtoto mapajani. Wanawake wakaingia na leso zao mpya na udi wao, wakatupa mkono wa Idi, wakakaa mbali kidogo, karibu na dirisha.

Mmoja wao, jirani wa nyumba ya tatu, akainama kumtazama mtoto. "Mashallah. Lakini hili jicho lina nini?"

Yule bibi wa Kibweha akajibu bila kuinua kichwa, "Lilitangulia lenyewe tu. Hutokea."

Alisema uongo, na ni watu wasiosema uongo, maana kwao mwenzake angeunusa. Aliusema kwa ajili yangu. Wote wakaitikia, wakaanza kuulizana habari nyingine, na ningeweza kukaa kimya hadi leo.

"Halikutangulia lenyewe," nikasema. "Ni mimi niliyemwosha. Nilimwosha bila kumuuliza mamake, nikamfulia na kitambaa chake. Jicho ni langu."

Mavyaa akaweka birika la kahawa chini. Jirani akasema ah, mambo ya Mungu, na mwingine akakohoa. Yule bibi wa Kibweha alinitazama. Kisha akasimama, akaniwekea mtoto kifuani, pale pale alipozoea, akamwambia mavyaa apumzike, akachukua birika, akawazungukia wageni kuwamiminia kahawa.